Namna ya Kuutambua Mwaka Mkavu na Kipupwe cha Baridi Kali

Mji wa Mwanza umejengwa kati ya vilima vya mawe, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambalo watu wengi huliita Nyanza. Ndani ya mji huo, katika Wilaya ya Nyamagana, mna mahali paitwapo Mabatini, yaani penye mabati. Mtu akaaye chini ya paa la bati huijua mvua kwa sikio kabla hajaiona kwa jicho. Matone yakianguka kwa nguvu, nyumba yote hulia kama ngoma, hata watu waliomo hawasikilizani. Mvua ya robo saa ikipita, husema, "Leo imenyesha mvua kubwa." Lakini mtu akitoka nje na kuufukua udongo kwa kidole, huenda akaona ya kuwa maji yameingia kina cha ukucha tu, na chini yake vumbi ni kavu kama jana.

Basi bati huweza kulidanganya sikio. Kadhalika kumbukumbu huweza kumdanganya mtu. Waulize wazee watatu habari za vuli ya miaka mingi iliyopita. Wa kwanza atasema kwamba ilikuwa kavu mno, kwa sababu ng'ombe wake walikufa. Wa pili atasema haikuwa mbaya, kwa sababu shamba lake lilikuwa bondeni, na mpunga wake ukaiva. Wa tatu atakuambia kwamba mvua za siku hizi si kitu zikilinganishwa na zile za ujana wake. Hakuna aliye mwongo kati yao. Kila mmoja aeleza aliyoyaona shambani kwake. Walakini swali letu bado halijajibiwa: Je, vuli ile ilikuwa kavu kupita desturi, ama sivyo?

Wala swali hili si la kubishania barazani tu. Mkulima ajuaye kwamba mvua zimepungua kupita kiasi hupanda mtama au mihogo badala ya mahindi, naye huilinda akiba yake ghalani. Wenye kugawa chakula cha msaada hawana budi kujua ni wapi palipokosa mvua kweli kweli. Wakikosea, watu wa mahali fulani hulala njaa, na magunia hupelekwa kwa watu wasio na haja nayo. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi wataalamu wanavyolijibu swali hilo kwa vipimo na daftari.

1. Vyombo vya kupimia

Chombo cha kwanza ni kipimamvua. Ni mtungi wa bati au shaba wenye mdomo wa mviringo, na ndani yake mna faneli na chupa. Mvua iangukayo mdomoni hushuka kwa faneli mpaka ndani ya chupa, na jua haliwezi kuyakausha maji hayo upesi. Kila siku, saa tatu ya asubuhi, mpimaji huyamimina maji katika bilauri nyembamba yenye mistari, akasoma ni milimita ngapi, kisha akaandika daftarini. Siku ya pili hufanya vivyo hivyo, na siku ya tatu, hata mwaka uishe.

Milimita moja ya mvua ni kiasi gani? Ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Fikiri paa la nyumba lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Eneo lake ni mita 40 za mraba. Ikinyesha mvua ya milimita 10, paa hilo hupokea lita 400 za maji, yaani ndoo 20 za lita 20 kila moja. Sasa waona ya kuwa milimita ni kipimo kidogo machoni, lakini ni mzigo mkubwa kichwani.

Kipimamvua huwekwa mahali pa wazi. Kikiwekwa chini ya mwembe, majani huzuia mvua; kikiwekwa karibu na ukuta, upepo huipeleka mvua upande. Kanuni moja ni kwamba kila mti au nyumba iwe mbali nacho angalau mara mbili ya kimo chake.

Chombo cha pili ni kipimajoto. Hicho hukaa ndani ya sanduku jeupe lenye miguu, na kuta zake zimetengenezwa kwa mbao zilizopangwa kwa nafasi, ili hewa ipite lakini jua lisiingie. Sababu ni kwamba tunataka kupima joto la hewa, wala si joto la miali ya jua. Katika sanduku hilo huwekwa vipimajoto viwili. Kimoja huonyesha joto la juu kabisa lililofikiwa mchana. Cha pili huonyesha joto la chini kabisa lililofikiwa usiku, ambalo aghalabu huwa karibu na mapambazuko. Katika vituo vingi vya leo kazi hiyo hufanywa na vyombo vya umeme, ila kanuni ya sanduku na kivuli haikubadilika.

2. Majira ya Mwanza

Kabla ya kusema kwamba mwaka fulani si wa kawaida, sharti kwanza tujue kawaida yenyewe. Mwanza hupata mvua mara mbili kwa mwaka. Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika kati ya Machi na Mei. Baadaye huja miezi ya ukavu, kuanzia Juni hata Septemba. Wakati huo pepo za kusi hutawala, mawingu hutawanyika, na usiku joto la ardhi hupotea angani bila ya kizuizi. Ndiyo sababu kipupwe cha Juni na Julai kina asubuhi zenye baridi. Katika Julai joto la alfajiri mjini Mwanza hukaribia nyuzi 15 za Selsiasi.

Basi kutonyesha kwa mvua katika Julai si ukame, bali ni desturi ya mwezi huo. Akija mgeni kutoka nchi nyingine, akaona nyasi zimekauka mwezi wa Agosti, akaandika barua kwao kwamba Mwanza kuna ukame, atakuwa amekosea. Lakini mvua zikikosekana mwezi wa Novemba, wakati mkulima ameshatia mbegu ardhini, hapo pana jambo. Kwa sababu hiyo wataalamu hawaulizi tu, "Mvua ni kiasi gani?" Huuliza, "Mvua ni kiasi gani kwa majira haya, na kwa mahali hapa?"

Neno hilo "mahali hapa" lina maana kubwa. Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hilo hilo, hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza hupata kadiri ya milimita 1,000 hivi. Dodoma, katikati ya nchi, hupata kiasi cha milimita 600 au chini ya hapo. Mwaka wa milimita 1,000 ungekuwa msiba kwa migomba ya Bukoba. Kwa Mwanza ungekuwa mwaka wa kawaida. Na kwa Dodoma ungekuwa mafuriko. Kila mahali hupimwa kwa kipimo chake.

3. Hesabu ya wastani

Sasa na tufanye hesabu. Tarakimu tutakazotumia si za kituo chochote. Zimetungwa kwa ajili ya kujifunzia tu. Tuseme ya kuwa shule moja imepima mvua za vuli kwa miaka 10, ikapata milimita hizi: 310, 420, 280, 390, 350, 150, 400, 330, 470 na 300.

Jumla yake ni 3,400. Tukigawanya kwa 10, twapata wastani wa milimita 340. Huo ndio mzani wetu.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hugawanya majira ya mvua katika mafungu matatu. Mvua iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa miaka mingi huitwa ya wastani. Iliyo chini ya asilimia 75 huitwa ya chini ya wastani, na iliyopita asilimia 125 huitwa ya juu ya wastani. Katika mfano wetu, asilimia 75 ya 340 ni 255, na asilimia 125 ni 425. Tazama sasa orodha. Mwaka wa sita, wenye milimita 150, ulikuwa chini ya wastani. Haukufika hata nusu ya 340. Mwaka wa tisa, wenye milimita 470, ulikuwa juu. Miaka mingine yote minane ilikuwa ya kawaida, hata ule wa milimita 280, ambao yamkini watu waliunung'unikia.

Lakini si vema kuishia hapo, kwa maana mahali pengine mvua hubadilika sana mwaka kwa mwaka, na pengine hubadilika kidogo. Kwa hiyo twapima pia kuyumba kwa kawaida. Chukua kila mwaka, utazame uko mbali na wastani kwa milimita ngapi, bila ya kujali kama ni juu au chini. Utapata 30, 80, 60, 50, 10, 190, 60, 10, 130 na 40. Jumla ni 660, na kwa miaka 10 ni 66. Yaani katika shule yetu ya mfano, vuli huyumba kwa milimita 66 hivi. Mwaka wa sita uliyumba kwa milimita 190, karibu mara tatu ya desturi. Sasa twaweza kusema kwa uhakika kwamba vuli ile ilikuwa kavu isivyo kawaida. Wala hatusemi kwa hasira au kwa hofu, twasema kwa hesabu.

Angalia tena jambo moja. Tuseme mwaka wa tisa haukuwa na milimita 470, bali ulikuwa mwaka wa gharika, wenye milimita 970. Wastani ungepanda kutoka 340 hata 390, na asilimia 75 yake ingekuwa zaidi ya 292. Hapo mwaka wa milimita 280, tuliouita wa kawaida, ungehesabiwa kuwa mkavu, ingawa halikupungua hata tone moja la mvua yake! Kwa hiyo wenye akili hupanga pia miaka yote kwa safu, kuanzia mkavu kabisa mpaka wenye mvua nyingi kabisa, wakaitazama iliyo katikati. Katika safu yetu ya katikati ni 330 na 350, na kati yake ni 340. Gharika ya mwaka mmoja haiwezi kuisogeza.

4. Baridi ya kipupwe

Baridi nayo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Mpimaji huchukua joto la chini la kila usiku tangu Juni hata Agosti, akatafuta wastani wake, kisha akaulinganisha na wastani wa miaka mingi. Usiku mmoja wa baridi haufanyi kipupwe kiwe kikali, kama vile siku moja ya njaa isivyofanya mwaka wa njaa.

Hapa Mwanza ziwa hufanya kazi ya jiko na ya mtungi. Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Usiku huipasha hewa ya ufukoni, na mchana huipoza. Kwa hiyo joto la Mwanza huyumba kidogo sana, na kipupwe kikipungua kwa nyuzi moja tu chini ya wastani wake wa majira yote, hilo ni jambo la kuandikwa. Kule uwanda wa Kitulo, katika milima ya kusini ya Tanzania, baridi ya usiku hufika hata umande ukaganda juu ya majani. Mtoto wa huko angecheka kuona mtoto wa Mabatini amejifunga shuka kwa nyuzi 15. Lakini kila mmoja ana haki, kwa kuwa kila mmoja alinganisha na kwao.

Katika nchi za mbali kuyumba ni kukubwa zaidi. Uingereza wana daftari la joto la sehemu za katikati ya nchi yao lianzalo mwaka 1659, nalo ndilo refu kuliko yote duniani yaliyopimwa kwa vipimajoto. Kwa daftari hilo walijua ya kuwa majira ya baridi ya 1962 hadi 1963 yalikuwa makali kuliko yote tangu 1740. Wastani wa miezi mitatu ulishuka chini kidogo ya sifuri, hali kwa desturi huwa nyuzi 4 hivi juu yake. Kadhalika mwaka 1976 walipata majira ya joto yenye ukame mkubwa, hata maji ya mabomba yakagawiwa kwa zamu katika sehemu nyingine. Bila ya daftari wangesema tu, "Baridi imezidi, jua limezidi," kama wasemavyo watu wote kila mwaka.

Jambo jingine lataka uangalifu. Dunia yazidi kupata joto. Kwa desturi ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, wastani huhesabiwa kwa miaka 30, na baada ya kila miaka 10 hesabu husogezwa mbele. Kipindi kitumiwacho sasa ni 1991 hadi 2020, ambacho kina joto kuliko kile cha 1961 hadi 1990. Kwa hiyo usiku ambao babu angeuita wa kawaida, mjukuu huweza kuuita wa baridi. Mtu akikuambia kwamba kipupwe fulani kilikuwa kikali, muulize, "Ukilinganisha na miaka ipi?"

5. Ziwa nalo ni shahidi

Mwanza tuna kipimamvua kikubwa kuliko vyote, nacho ni ziwa lenyewe. Ziwa Viktoria lina eneo la kadiri ya kilomita 68,800 za mraba. Watu wengi hudhani kwamba maji yake huletwa na mito, kama Kagera na mingineyo. Mito huleta sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa mno, karibu nne kati ya tano, ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe. Na sehemu kubwa ya maji hurudi angani kwa kukaushwa na jua. Yanayobaki hutoka Jinja, katika Uganda, kwa mto Nili. Kwa hiyo mvua zikizidi miaka kadha wa kadha, ziwa hupanda, zikipungua, hushuka.

Kimo cha ziwa kimepimwa tangu mwaka 1896. Mwishoni mwa mwaka 1961 zilinyesha mvua za vuli ambazo hazikuwa na mfano katika daftari. Ziwa likaanza kupanda, na hata kufika katikati ya 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, likafunika mashamba na magati ya pwani yake. Watu waliokuwa wamejenga wakiutegemea ukingo wa zamani waliona maji yakiingia mlangoni. Mwaka 2020, baada ya mvua kubwa za vuli ya 2019, ziwa lilifika tena kimo kile cha 1964.

Kwa nini vuli ya 1961, ya 1997 na ya 2019 zilikuwa na mvua nyingi? Katika miaka hiyo mitatu maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu, karibu na pwani ya Afrika, yalikuwa na joto kupita kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yalikuwa na baridi. Mvuke ukazidi upande wetu, na mawingu yakasukumwa bara. Hali ikigeuka, upande wetu ukapoa, mara nyingi vuli hupungua. Basi aishiye Mabatini, mbali na bahari, hupata au hukosa mvua kwa sababu ya maji asiyoyaona.

Lakini shahidi huyu sharti aulizwe vizuri. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, hata likawa chini kuliko lilivyokuwa kwa miaka zaidi ya 80. Wavuvi waliona mitumbwi yao imekaa juu ya tope. Watu wakasema, "Ni ukame." Kweli, vuli ya 2005 ilikuwa mbaya katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Lakini wataalamu walipolinganisha mvua iliyonyesha na maji yaliyotoka Jinja, waliona jambo la pili. Mabwawa ya umeme ya huko, Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, na jirani yake Kiira, yalikuwa yamepitisha maji mengi kuliko kanuni iliyokubaliwa. Karibu nusu ya kushuka kule kulitokana na hayo. Kama pasingalikuwa na daftari la mvua, na daftari la maji yaliyotoka, lawama yote ingaliwekwa juu ya mawingu, nayo mawingu hayana kinywa cha kujitetea.

6. Makosa ya daftari

Daftari ni shahidi mwema, lakini huweza kuharibiwa. Kosa la kwanza ni kuandika sifuri mahali pasipopimwa. Siku isiyo na mvua huandikwa 0. Siku ambayo mpimaji alikuwa mgonjwa, asiende kwenye chombo, huachwa wazi au hutiwa alama yake. Akiandika 0 siku hiyo, na kumbe usiku ulinyesha mvua ya milimita 60, ameumba ukame ambao haukuwapo. Siku kumi za namna hiyo zatosha kuugeuza mwaka mwema uwe mwaka wa njaa karatasini.

Kosa la pili ni kukihamisha chombo pasipo kuandika. Kipimajoto kikitolewa ufukoni kikapelekwa kati ya nyumba na barabara za lami, kitaonyesha joto zaidi, nasi tutadhani hewa ya mji mzima imebadilika.

Kosa la tatu ni kuijumlisha mvua bila ya kutazama siku zake. Milimita 300 zilizogawanyika vema katika wiki 12 hulisha mahindi. Milimita 300 zilizonyesha kwa siku 8, kisha kukawa na jua la mwezi mzima, huchukua udongo wa kilimani na kuujaza Mto Mirongo upitao mjini, na mahindi hukauka vile vile. Kwa hiyo pamoja na jumla, hesabu pia siku kavu zilizofuatana.

Kosa la nne ni kuharakisha kutoa hukumu kwa miaka michache. Mwaka 1923 mtaalamu wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alilinganisha kimo cha Ziwa Viktoria na madoa yaonekanayo juu ya uso wa jua, ambayo huzidi na kupungua kwa kadiri ya miaka 11. Tangu 1896 mambo hayo mawili yalikuwa yamepanda na kushuka pamoja kwa namna ya kushangaza. Ilionekana kana kwamba ufunguo wa ziwa umepatikana. Lakini miaka ilipozidi kupita, ziwa likaacha kufuata madoa, na ule mwenendo ukavunjika. Brooks hakudanganya, wala vipimo havikuwa vya uongo. Miaka ndiyo iliyokuwa michache. Ndiyo maana wataalamu husisitiza miaka 30, nao hufurahi zaidi wakipata 100.

7. Kazi ambayo mwanafunzi aweza kuifanya

Huenda mwanafunzi akasema, "Mambo haya ni ya watu wenye vyombo vya thamani." Sivyo. Kopo lenye pande zilizonyooka, na mdomo ulio sawa na kitako chake, likiwekwa mahali pa wazi juu ya nguzo fupi, na rula yenye milimita, na daftari moja, vyatosha kuanza. Kipimo chake hakitakuwa kamili kama cha kituo, lakini kitakuonyesha tofauti kati ya kelele ya bati na maji yaliyoanguka. Kilicho kigumu si kopo, bali ni kuamka kila siku kwa saa ile ile, siku ya mvua na siku ya jua, sikukuu na siku ya kazi, na kuandika kile ulichokiona bila ya kuongeza wala kupunguza.

Mwaka wa kwanza daftari lako halitakuambia neno kubwa. Mwaka wa tano litaanza kunong'ona. Ukiliacha kwa wadogo zako, nao wakaliendeleza kwa miaka 30, litasema kwa sauti iliyo wazi, na mtu atakayeulizwa, "Je, vuli hii ni kavu kupita desturi?" hatahitaji kukisia. Atafungua ukurasa, atahesabu, na atajibu.

Maswali

1. Kwa nini sauti ya mvua juu ya bati haifai kuwa kipimo cha mvua?
2. Paa lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6. Mvua ya milimita 15 italipa lita ngapi za maji?
3. Kwa nini ukavu wa Julai mjini Mwanza hauitwi ukame?
4. Wastani wa vuli mahali fulani ni milimita 400. Mwaka huu zimenyesha milimita 290. Je, ni mvua ya wastani au ya chini ya wastani? Onyesha hesabu yako.
5. Eleza tofauti kati ya kuandika 0 na kuacha nafasi wazi daftarini.
6. Taja sababu mbili zilizolifanya ziwa lishuke mwaka 2006.
7. Twajifunza nini kwa habari za Brooks na madoa ya jua?
8. Waulize wazee watatu wa kwenu habari za mwaka mmoja wa ukame. Andika majibu yao, kisha eleza ni vipimo gani vingehitajiwa ili kuyalinganisha.